Farasi asigeuzwe fimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu baba aliyeandika wiki iliyopita kuhusu binti yake wa miaka 15. Hakutaja jina lake, nami sitataja langu, kwa hiyo tuko sawa. Kwa ambao gazeti lile liliwapita: alisema binti "ameshindikana", ametoroka nyumbani mara mbili, shuleni anapigana, usiku halali. Mnasihi akawashauri wampeleke kwenye tiba ya farasi, yaani mtoto kusaidiwa kwa kukaa na kufanya kazi na farasi. Wiki 6 zimekatika na mtoto hajapanda farasi hata siku moja. Anazoa mavi, anapiga brashi, anarudi nyumbani ananuka zizi. Baba anauliza: je, nimeibiwa? Halafu mwishoni, kama mtu anayekumbuka jambo dogo akiwa ameshafika mlangoni, akaongeza kwamba amemwonya binti: shule ikimwita tena mzazi, na farasi basi.

Mimi ni saisi. Vijana wa siku hizi neno hili hawalijui. Saisi ni mtu wa kutunza farasi, anayewalisha, anayewasafisha, anayelala na viatu jike akikaribia kuzaa. Nina miaka 22 katika kazi hii, na 9 ya mwisho nimeifanya mahali ambapo wasichana kama huyo huletwa kila wiki. Si mnasihi wala daktari. Mnasihi wetu ana mafunzo yake na daftari lake, na ninayoyasema hapa ni ya mtu aliyesimama pembeni ameshika kamba. Wasichana huniita Shangazi. Swali la mavi ningeweza kuliacha lipite, watu wengi huliuliza. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitandani kutafuta kalamu.

Lakini tuanze na mavi.

Farasi hawezi kutapika. Mlango wa tumbo lake umeumbwa kupokea tu, haurudishi. Kilichoingia mdomoni lazima kisafiri utumbo mzima, mrefu na wenye kona nyingi, kitokee nyuma. Farasi mzima mwenye afya hutoa zaidi ya kilo 15 za mavi kwa siku, mara 8 hadi 12. Kikikwama kitu njiani, anapata msokoto wa tumbo, na msokoto unaweza kumuua kabla jua halijazama mara mbili. Ndiyo maana saisi akifungua banda asubuhi hutazama sakafu kwanza, farasi baadaye. Yako mangapi? Yana unyevu au yamekauka? Yamekaa madonge au yamemwagika? Mavi ya farasi ni taarifa ya habari ya saa moja asubuhi.

Tulikuwa na binti wa miaka 14 ambaye kwa wiki nyingi hakusema neno. Alikuja na kofia ya sweta imemfunika hadi kwenye nyusi, akapewa beleshi na toroli, akaelekezwa banda la jike letu mzee ambaye kila mtu anamwita Bibi. Aliambiwa afanye jambo moja tu: azoe, ahesabu madonge, aandike idadi kwenye ubao ulioko mlangoni. Hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani. Mnasihi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua tano kutoka pale, akifanya kama anasoma.

Siku moja nikamwona amesimama katikati ya banda na toroli tupu. Nikadhani amechoka. Akageuka akaniambia, kwa sauti ya mtu ambaye hajaitumia muda mrefu, "Shangazi, leo ni machache. Na yana kitu kama kamasi."

Nikaingia. Madonge manne, makavu, yamefunikwa ute. Bibi alikuwa anageuza shingo kutazama ubavu wake mwenyewe, akiinua mdomo wa juu kama anayenusa kitu cha mbali. Nikaweka sikio ubavuni. Pale ambapo kwa kawaida unasikia maji yakichuruzika na ngurumo ndogondogo, kulikuwa kimya. Tukamwita daktari wa mifugo. Akapitisha mpira puani hadi tumboni, akamimina maji na mafuta, akamchoma sindano ya maumivu, akatuambia tumtembeze polepole na tusubiri. Binti yule hakuondoka. Alitembea naye kushoto kwa bega, hatua kwa hatua, huku na huku, mpaka saa ya kuchukuliwa ikafika na ikapita. Karibu na magharibi Bibi akainua mkia. Sijawahi kuona mtoto amefurahia mavi namna ile. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, ndipo nikajua ana nywele fupi na kovu nyuma ya sikio.

Mnasihi aliniambia baadaye kwamba ile ya kamasi ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomsikia akisema tangu aletwe. Wiki iliyofuata alipitiliza moja kwa moja hadi bandani bila kunisalimu, akachungulia sakafu, akaandika kwenye ubao "11", akapiga mstari chini yake. Salamu ilikuja baada ya hapo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, binti yako akirudi ananuka zizi, usimwambie akaoge kabla hujamsikiliza.

Suala la kupanda sasa. Watu wengi wakisikia tiba ya farasi wanaona picha ya mtu juu ya tandiko, na hawajakosea sana, kwa sababu mambo yalianzia huko. Mdenmark mmoja, Lis Hartel, alipata polio mwaka 1944, miguu yake ikapooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki za Helsinki, alipandishwa juu ya farasi wake Jubilee na kusaidiwa kushuka, lakini katikati ya hapo alishinda medali ya fedha. Habari yake iliwafungua macho wengi kwamba mwendo wa farasi una faida kwa mwili uliolemaa. Hiyo ni tiba ya mwili, ina wataalamu wake, na huko kupanda ndiyo shughuli yenyewe.

Binti yako hakupelekwa kwa sababu ya miguu. Kazi ya namna yake imekua baadaye, na sehemu kubwa hufanyika chini, ardhini, mtu na mnyama wamesimama pamoja. Shirika la EAGALA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, lilijenga utaratibu wake wote juu ya hilo: hakuna kupanda, na kila kikao kina mtaalamu wa afya ya akili pamoja na mtu wa farasi, wote wawili. Sisemi kila mahali wafanye hivyo. Sisi huwapandisha baadhi yao, wakishajua kufunga fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, wakishajua kwamba kamba haizungushwi mkononi hata siku moja, maana nusu tani ikishtuka inaondoka na vidole. Kuna ambao hawakupanda kabisa na hawakuuliza.

Na nikuambie siri moja ya kazi. Ukiwa juu ya farasi aliyefundishwa vizuri, unaweza kumlazimisha. Kuna lijamu mdomoni, kuna miguu yako ubavuni. Ukiwa chini na kamba iliyolegea, unamwomba. Mtoto anayejua njia mbili tu, kupiga au kukimbia, anajifunza zaidi pale anapolazimika kuomba.

Baba wa watu aliuliza pia farasi anajua nini kuhusu matatizo ya binadamu. Hajui chochote. Mimi huchukia vile vipeperushi vinavyosema farasi ni kioo cha roho. Tuna dume mmoja aliyehasiwa ambaye hobi yake ni kung'ata mifuko ya makoti. Sijui hiyo ni roho ya nani. Farasi ni mnyama anayewindwa, na aliyewindwa kwa maelfu ya karne amebaki hai kwa kusoma miili ya wengine: nani amekaza bega, nani ameacha kupumua, nani ananyemelea.

Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Bwana wake, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, aliwaonyesha watu kwamba anajua hesabu. Muulize 3 na 4 ni ngapi, anagonga ukwato mara 7. Wasomi wakaja, wakatikisa vichwa. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaja na jaribio la kawaida tu: akamfanya anayeuliza asijue jibu, au asimame pasipoonekana na farasi. Hesabu zikaisha. Kumbe Hans alikuwa anamwangalia anayeuliza. Idadi sahihi ikifika, kichwa cha mtu kilikuwa kinainuka kidogo sana, bila mwenyewe kujua, na Hans anaacha kugonga. Watu walimcheka yule mzee. Mimi kila nikikumbuka kisa kile namwona Hans ni hodari kuliko angejua hesabu. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za sura za watu. Kwa sura zenye hasira mapigo ya moyo yao yalipanda haraka zaidi, na waliziangalia kwa jicho la kushoto, jicho wanalopenda kulitumia kwa vitu vya kutisha.

Hii ndiyo kazi ya farasi katika jambo hili, wala haina miujiza. Binti anaweza kumwambia mnasihi "niko sawa" na uso ukakubaliana naye, kwa sababu amefanya mazoezi miaka mingi. Mwili haujafanya mazoezi hayo. Akiingia uwanjani na ngumi ndani ya mifuko, farasi anasogea pembeni, na anasogea sasa hivi, si baada ya kikao cha nne.

Kulikuwa na mmoja wa miaka 16, mpiganaji hasa, mikono yote ina alama. Siku ya kwanza alimwendea farasi uso kwa uso, kifua mbele, kama anavyowaendea watu. Farasi akageuza kichwa, akampa makalio. Binti akatema mate chini. "Hata yeye hanitaki."

Nikamwambia asimame palepale, amtazame macho yalipo. Yako pembeni ya kichwa. Farasi anaona karibu duara zima, nyuzi 350 hivi kati ya 360, lakini mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia hana kitu, ni giza. "Umemwendea mahali asipoona," nikamwambia. "Hajakukataa. Hajui wewe ni nani." Akakaa kimya kidogo, kisha akazunguka, akapita pembeni, akiongea, maana nilimwambia aongee, lolote lile. Alichopata cha kusema ni majina ya wasichana wote aliowahi kupigana nao. Aliyataja moja moja mpaka akafika begani, akaweka kiganja.

Hapo nikamfundisha kuhesabu mapigo. Chini ya taya la farasi, pale mfupa unapopinda, kuna mshipa unaoteleza chini ya kidole kama uzi mnene. Ukiupata, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi aliyetulia ana mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Binti alihesabu 9, akapata 36. Nikamwambia sasa jihesabu wewe, shingoni. Akahesabu 27. Akazidisha kwa kidole hewani, 108, akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu. "Mimi sijakimbia, Shangazi." Sikumjibu, mnasihi alikuwa amesimama karibu, na hiyo ilikuwa zamu yake. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile kila akifika alikuwa anahesabu mapigo ya wote wawili na kuyaandika, na hakuna aliyemwagiza.

Nisije nikaonekana mchuuzi, niseme na upande wa pili. Ushahidi wa tiba hii bado mwembamba. Mwaka 2014 jarida la Journal of Clinical Psychology lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 za farasi na magonjwa ya akili, na waandishi wakasema waziwazi kwamba zote zilikuwa na kasoro kubwa na kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuitangaza kama tiba. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, waliwagawa wanafunzi zaidi ya 100 kwa bahati nasibu: wengine waende kwa farasi kwa wiki 11, wengine wasubiri zamu. Walipopima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate, waliokwenda kwa farasi walikuwa na kiwango cha chini zaidi. Ni jambo zuri. Lakini hao walikuwa wanafunzi, si binti aliyetoka wodini wiki jana. Kwa hiyo mtu akikuambia farasi atamponya binti yako sonona, au umsimamishe dawa kwa sababu sasa ana farasi, chukua mtoto wako uondoke. Farasi anaongezwa kwenye matibabu, hakuna anachokiondoa.

Na una haki ya kuogopa kuibiwa. Jina la farasi limetumika kupamba mambo mabaya. Huko Marekani kuna vituo vya kulaza vijana "walioshindikana", vingine mbali na watu, na picha ya farasi kwenye tangazo huwapumbaza wazazi wasiulize kinachofanyika usiku. Mwaka 2007 wakaguzi wa serikali yao waliliambia Bunge kuhusu vijana waliofia katika programu za aina hiyo. Paris Hilton, huyohuyo wa magazeti ya mitindo, alisimama kueleza aliyofanyiwa alipopelekwa akiwa msichana, na Desemba 2024 sheria ya kuvimulika vituo hivyo ikasainiwa. Basi wewe uliza. Uliza mnasihi amesomea wapi na yuko uwanjani wakati wa kikao au anasaini karatasi tu akiwa ofisini. Uliza kama unaweza kufika bila kutoa taarifa. Angalia farasi wenyewe: mbavu, kwato, maji kwenye ndoo. Kwato huchongwa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Zikiwa zimepasuka na kujikunja, mahali pale hapana mtu anayeangalia vilivyo mbele ya macho yake, na binti yako ana mambo yasiyoonekana. Angalia pia kama vile vyuma vya kuchokonolea kwato vinahesabiwa wakati wa kufunga. Kwetu viko 8, vinaning'inia kwenye misumari 8, na hakuna gari linaloondoka hadi misumari yote iwe imejaa. Mzazi wa mtoto anayejikata ataelewa kwa nini.

Sasa lile la mwisho.

Zamani, kabla ya hapa nilipo, nilifanya kazi mahali ambapo farasi alikuwa zawadi. Walikuwa na ubao wa alama. Ukiwa na adabu wiki nzima, unakwenda kwa farasi. Ukitukana, ukivunja kitu, unakosa. Kwenye karatasi ilikuwa inapendeza, na wakubwa walinukuu ile ya samaki mkunje angali mbichi. Mimi sijawahi kumkunja farasi, lakini sikuwa na cheo cha kubishana.

Palikuwa na binti mmoja, alikuwa anamfundisha farasi wetu kijana kutoa mguu. Kumsafisha ukwato farasi asiyezoea ni kazi ya subira: unateleza mkono kutoka begani hadi chini ya goti, unabinya kidogo, unasubiri, anautoa kwa sekunde moja, unaushukuru na kuurudisha mwenyewe kabla hajakunyang'anya. Kesho sekunde mbili. Ukiwa nao mkononi unachokonoa kutoka kisigino kwenda mbele, ukikwepa ile nyama laini ya katikati yenye umbo la V. Yule binti alikuwa amefika miguu mitatu. Wa nne, wa nyuma kulia, alisema atauanza Alhamisi.

Jumatano akarusha sahani bwenini. Alama zikafutwa, akafungiwa farasi wiki tatu. Alhamisi alikuja mpaka langoni akidhani nitamwonea huruma. Aliyefunga lango ni mimi. Nilimwambia, "Sheria ni sheria, mwanangu," na nikasikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu mwingine.

Sitadanganya kwamba farasi alimlilia. Alikula nyasi zake. Wiki ya nne lango likafunguliwa, binti akaja, akasimama nje ya uzio, akakataa kuingia. Nikambembeleza. Akaniambia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Shangazi, kwa nini nizoee kitu ambacho mnaweza kukichukua?" Akakaa nje ya uzio wiki ile na nyingine. Baada ya hapo hakuletwa tena. Mguu wa nne nilimalizia mimi.

Nimeyawaza maneno yale miaka mingi. Binti yule alikuwa ameshanyang'anywa nyumba mbili na mama. Sisi tukampa kitu cha tatu, tukakifunga kamba, tukabaki tumeshika ncha ya kamba.

Hebu fikiri, ndugu yangu, tunavyomtendea farasi mwenyewe. Asubuhi ameniuma begani. Amepiga teke mlango ukachanika. Mchana analishwa. Jioni anawekewa maranda mapya. Hakuna saisi duniani anayemnyima farasi nyasi kwa sababu ya tabia, kwani tumbo lake halielewi adhabu, litapata msokoto tu. Tunamfundisha adabu, ndiyo, kila siku, tena kwa ukali ikibidi, lakini hori lake halimo katika mazungumzo hayo. Binti anaona hayo. Anaona mnyama mkorofi analishwa kila siku kwa saa yake. Halafu unamwambia yeye ukorofi wake utamkosesha siku yake na mnyama huyohuyo.

Utaniuliza, akija amewaka hasira je? Kwetu akija hivyo haingii bandani, kwa sababu nusu tani ya mnyama mwoga na mtoto anayetetemeka si vya kuweka chumba kimoja. Lakini anakuja. Anajaza ndoo. Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, na farasi tulionao ni 7, kwa hiyo ndoo hazimwishii. Mwingine amewahi kujaza ndoo saa nzima bila kusema kitu, kisha akaegemea uzio akawaangalia wakinywa, masikio yakicheza mbele na nyuma kila funda. Kikao kimefanyika. Kimeandikwa kwenye daftari.

Kwa hiyo adhabu toa, wewe ni baba, nyumba ni yako. Chukua simu. Mfungie matembezi. Ile siku ya farasi iache ilivyo, hata kama asubuhi yake ametukana watu wote wa nyumba. Kama umeshamwonya, mwambie umebadilisha mawazo. Mwambie bila hotuba, mkiwa kwenye gari, macho yakiwa barabarani. Watoto wa aina hiyo husikia vizuri zaidi usipowatazama. Hilo nimejifunza kwa farasi.

Na ukimpeleka safari ijayo, usibaki garini na simu. Shuka, usimame kwenye uzio. Akimleta farasi akuonyeshe, usimwendee uso kwa uso. Simama pembeni, karibu na bega, acha yeye akuambie uweke mkono wapi, na ukubali kuambiwa. Usimuulize amepona kiasi gani. Muulize leo madonge yalikuwa mangapi. Atakujibu.

Saisi
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa mhariri)